Kuihifadhi Dakika Ipitayo: Fikra Juu ya Ushairi wa Ulimbwende na Somo la Insha

Muhula uliopita tulikuwa tukiwasomesha wanachuo wa mwaka wa pili shairi la Mwingereza John Keats juu ya mtungi wa Kiyunani. Tulikuwa tumefika ubeti wa pili, na tulikwisha kuwaeleza kwa maneno yetu picha iliyochongwa ubavuni mwa mtungi huo: kijana amemwinamia msichana, nyuso zao zimekaribiana, bado kidogo wabusiane. Lakini hawabusiani. Hawatabusiana kamwe, maana wao ni jiwe. Msichana yule hatazeeka wala uzuri wake hautafifia, na kijana hatachoka kumpenda. Ila busu lenyewe hatalipata. Hapo mwanachuo mmoja aliyeketi safu ya nyuma, kijana mpole ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "kijana huyu amehifadhiwa, au amefungwa?"

Tulimjibu kwa haraka kwamba amehifadhiwa. Tukageukia ubao, tukaandika kwamba sanaa hukitunza kile ambacho wakati ungekiharibu, tukawataka wanachuo wanakili. Punde kengele ikalia. Tulipokuwa tukifuta ubao tuliona haya, kwa sababu tulijua kwamba swali lilikuwa bora kuliko jibu, na kwamba jibu lile tulilitoa si kwa kuwa tuliliamini, bali kwa kuwa lilikuwamo katika maandalio yetu ya mwaka juzi. Makala haya ni jaribio la kulijibu upya. Tunayaandika kwa ajili ya wale ambao mwakani watasimama mbele ya watoto wa darasa la tano au la sita na kuwaambia: "Toeni madaftari ya insha."

Yafaa kwanza tuseme neno juu ya jina. Fasihi iliyochanua Ulaya tangu miaka ya mwisho ya karne ya 18 hadi karibu na katikati ya karne ya 19, baadhi ya wataalamu wetu wameiita Ulimbwende. Jina hilo huwachekesha wanachuo, kwani mlimbwende wanayemjua wao ni kijana anayejikwatua na kujipulizia manukato siku ya Jumamosi. Wengine, wakisikia jina lake la Kiingereza, hudhani kwamba sasa watasoma mashairi ya mahaba. Sivyo hivyo wala hivi. Washairi hao waliandika juu ya mambo mengi: haki za watu, milima, watoto, ndoto, wafalme walioanguka. Walikuwa wameyaona mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, au walizaliwa katika moshi wake. Walikulia katika vita vilivyokwisha mwaka 1815 tu. Waliona viwanda vikiibadilisha nchi yao. Kadhalika wengi hawakuishi sana. Keats alikufa na umri wa miaka 25, Shelley akafa maji mwaka 1822 kabla hajatimiza miaka 30, Byron akafa mwaka 1824 akiwa na miaka 36. Si ajabu basi kwamba watu wa namna hiyo walilitazama sana jambo hili moja: dakika ipitayo, na kama yawezekana ibaki.

Ama Keats, tusipoyajua maisha yake tutadhani anacheza na maneno. Alizaliwa London mwaka 1795. Baba yake alisimamia zizi la farasi wa kukodisha, akafa mwaka 1804 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, mtoto akiwa na miaka minane. Mama akafuata mwaka 1810 kwa kifua kikuu. Kijana aliwekwa kwa tabibu mmoja kujifunza kazi ya dawa na upasuaji, kisha mwaka 1815 akaingia hospitali ya Guy's mjini London; mwaka 1816 alipata leseni ya kutoa dawa, lakini akaiacha kazi hiyo kwa ajili ya ushairi. Mwishoni mwa mwaka 1818 alimwuguza mdogo wake, Tom, mpaka akakata roho Desemba mosi, kwa ugonjwa ule ule uliomchukua mama. Shairi la mtungi alilitunga mwaka uliofuata, 1819, likachapishwa Januari 1820. Mwezi mmoja baadaye alikohoa damu, akaomba mshumaa aitazame rangi yake. Na kwa kuwa alikuwa amesomea uganga, akaelewa. Tarehe 23 Februari 1821 alifariki mjini Roma.

Mtu huyu, ambaye alikwisha kukaa usiku mwingi kando ya kitanda cha mdogo wake akimwona anapungua, ndiye anayesimama mbele ya picha ya jiwe na kusema kwamba wale waliochongwa pale wana bahati.

Na mtungi wenyewe, msomaji asije akahangaika kuutafuta, haupo. Inajulikana kwamba Keats alinakili kwa mkono wake mchoro wa chombo kimoja cha marumaru, kiitwacho chombo cha Sosibios, ambacho kimo katika jumba la Louvre, Paris. Aidha mwaka 1817 alikwenda na rafiki yake, mchoraji Benjamin Haydon, kuzitazama sanamu za hekalu la Parthenon zilizokuwa zimechukuliwa Athens na kuletwa London, na miongoni mwake wamo ng'ombe wakiongozwa kwenda kutolewa sadaka. Lakini hapana chombo hata kimoja chenye picha zote azitajazo. Aliuunda mtungi wake kichwani kwa vipande alivyoviona hapa na pale. Jambo hili huwasikitisha wanachuo wengine, kana kwamba wamedanganywa. Sisi tunaona kinyume chake. Kitu kinachosifiwa katika shairi kwa kudumu kuliko vizazi vya watu hakikuwako kamwe duniani isipokuwa katika shairi hilo lenye mishororo 50.

Sasa turudi kwenye swali la kijana wa safu ya nyuma. Beti tatu za kwanza zinaonekana kutuunga mkono sisi na ubao wetu. Mpiga zumari chini ya mti hachoki, miti haipukutishi majani, wapendanao hawakinaiki. Mshairi anarudia neno la furaha mara nyingi mno katika ubeti wa tatu, mpaka masikio ya msomaji makini yanaanza kushuku. Mtu mwenye furaha halisi hana haja ya kuitangaza mara sita. Na kweli, mwishoni mwa ubeti huo huo anataja mapenzi ya watu walio hai, yenye homa na kiu, na ghafla tunakumbuka kwamba homa na kiu ni dalili alizoziona kwa mgonjwa.

Kisha unakuja ubeti wa nne, ambao kwa maoni yetu ndio moyo wa shairi, na ambao tulikuwa tukiupita mbio kila mwaka. Mshairi anauzungusha mtungi, au anazunguka yeye, na upande wa pili anaona msafara: kuhani anamwongoza mtamba aliyevishwa mashada ya maua, na watu wanafuata kwenda kwenye madhabahu. Hayo yamechongwa. Lakini Keats anauliza jambo ambalo halikuchongwa: watu hawa wametoka mji gani? Anauwaza mji mdogo, labda kando ya mto, labda pwani, labda mlimani penye ngome. Asubuhi hiyo ya ibada mji umebaki mtupu. Na kwa kuwa watu wake wamegandishwa njiani, hawatarudi. Njia za mji ule zitakaa kimya milele, wala hakuna hata mmoja atakayeweza kurudi kueleza kwa nini mji ni mtupu.

Tunawaomba wanachuo wausome ubeti huo polepole, hata mara tatu. Hapo Keats amelijibu swali la kijana wetu miaka mia mbili kabla halijaulizwa. Dakika ikisimamishwa, kuna gharama. Kila kilichohifadhiwa kimetolewa mahali fulani, na mahali hapo pamebaki wazi. Ukiwaweka watu wote wazuri katika picha, jua kwamba uani kwao hakuna anayefagia. Ndiyo maana katika ubeti wa mwisho mshairi, ambaye mwanzo aliusifu mtungi kwa sauti ya mapenzi, sasa anaukiri kuwa ni kitu baridi. Kuhusu maneno mashuhuri ya kufungia shairi, yanayounganisha uzuri na kweli, wahakiki wamegombana mno, hata juu ya alama za kunukuu, ambazo toleo la kwanza halikuwa nazo na kitabu cha mwaka huo huo wa 1820 kikaziweka. Mwalimu asipoteze kipindi kizima hapo.

Kwa hiyo jibu letu la ubaoni lilikuwa nusu. Kijana wa mtungini amehifadhiwa, na amefungwa, na Keats ameyaona yote mawili. Lakini hakuishia hapo, na hii ndiyo sababu inayotufanya tupendelee shairi lake jingine kuliko hili. Jumapili ya tarehe 19 Septemba 1819 alikwenda kutembea nje ya mji wa Winchester. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake siku mbili baadaye alieleza jinsi mashamba yaliyobaki mabua yalivyoonekana kuwa na ujoto, na kwamba jambo hilo lilimgusa hata akalitungia shairi. Shairi hilo linahusu majira ambayo majani hupukutika. (Kamusi nyingine huyaita vuli, jambo linalowapotosha watoto wetu, ambao wakisikia vuli huwaza mvua na kupanda mbegu, siyo mavuno.)

Katika shairi hilo la mishororo 33 hakuna kitu kinachosimamishwa. Matunda yanaendelea kuiva, juisi ya tofaa inaendelea kudondoka tone kwa tone kutoka katika shinikizo, jua linakwenda likishuka, wadudu wadogo wanainuliwa na kushushwa na upepo. Mwishoni mbayuwayu wanakusanyika angani. Kila Mwingereza ajua kwamba wanakusanyika ili waondoke. Keats hasemi kwamba wataondoka. Hawazuii, wala hawalilii. Anawaacha wakiwa bado wanalia juu ya mashamba, na sisi tunasikia katika sauti hizo kuondoka kwenyewe. Ikiwa mtungi ulihifadhi dakika kwa kuinyang'anya mwendo wake, shairi hili limehifadhi dakika pamoja na mwendo wake. Hilo la pili ni gumu zaidi, na ndilo tunalolitamani katika insha za watoto.

Mwanachuo mwingine, alipoyasikia haya, alituuliza: "Siku hizi si tunazo simu, mwalimu? Mtu akitaka kuhifadhi dakika apige picha." Hoja hiyo ina uzito, na hatukumdharau. Tukamjibu kwa habari ya William Wordsworth na dada yake.

Alhamisi ya tarehe 15 Aprili 1802 ndugu hao wawili walikuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, kando ya ziwa Ullswater, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Walitoka kumtembelea Thomas Clarkson na mkewe, yule Clarkson aliyepigana kwa kalamu na miguu kukomesha biashara ya watumwa. Upepo ulikuwa mkali. Ufukweni waliona dafodili, maua ya manjano ya majira ya kuchipua, kwanza machache, kisha mengi zaidi, kisha utepe mrefu wa maua kando ya maji. Dada, Dorothy, aliyaandika hayo katika daftari lake la kila siku. Aliona kwamba maua mengine yaliegemeza vichwa vyao juu ya mawe kama waliochoka, na mengine yakapepesuka kana kwamba yanacheka na upepo. Kaka hakutunga kitu kwa muda. Shairi alilitunga karibu miaka miwili baadaye, mwaka 1804, akalichapisha mwaka 1807, na mwaka 1815 akaongeza ubeti mmoja. Mishororo miwili aliyoisema kuwa bora kuliko yote ni ya mkewe, Mary, ambaye siku ile ya matembezi alikuwa bado hajamwoa.

Wengi wa waliosoma kwa Kiingereza zama za ukoloni, na hata baada yake, walikaririshwa shairi hilo bila ya kuliona ua lenyewe, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini walichokosa si ua tu. Hawakuambiwa habari ya daftari. Mtu akilisoma shairi peke yake ataamini kwamba Wordsworth alikuwa peke yake, maana ndivyo asemavyo. Dada ametoweka, kama watu wa mji ule wa Keats. Tena ataamini kwamba shairi linahusu maua. Linahusu siku nyingine kabisa, ambapo mtu amelala kitini hana la kufanya, na maua yale yanamjia bila ya kuitwa. Mshairi anakiri kwamba alipokuwa akiyatazama hakujua ni mali kiasi gani anapewa. Picha ya simu ingeyahifadhi maua. Kule kuja kwa mara ya pili isingekuhifadhi, kwa sababu siku ile kulikuwa bado hakujatokea.

Hapa ndipo tunapotaka kuzungumza na mwalimu wa insha. Katika mazoezi ya kufundisha tulimkagua mwanachuo aliyelitoa darasa la sita nje kumtazama fundi baiskeli anayefanya kazi chini ya mwembe karibu na shule. Andalio la somo lilikuwa zuri, zana ilikuwa hai, watoto walifurahi. Wakarudi darasani wakaandika kwa dakika 30. Karibu wote walianza kwa kusema kwamba fundi baiskeli ni mtu muhimu sana katika jamii. Wakaendelea kutaja faida za baiskeli. Fundi wa chini ya mwembe, mwenye kofia yake na redio yake, hakuwamo katika insha hata moja. Walikuwa wamemtazama kwa dakika 15 na kumwacha pale pale.

Tukashauriana na mwanachuo yule, tukajaribu njia ya ndugu wawili wa Ullswater. Safari ya pili kila mtoto alipewa kipande cha karatasi aandike mambo matano tu, yale aliyoyaona, kuyasikia au kuyanusa, bila ya kusema kama ni mazuri au muhimu. Hiyo ikawa kazi ya Dorothy. Karatasi zikakusanywa, zikafungiwa kabatini wiki mbili. Kisha zikagawiwa tena, na watoto wakaambiwa waandike kile kilichowarudia. Hatutaki kudai makubwa. Watoto kadhaa walikuwa wamehamia mkondo mwingine, wengine hawakuitambua miandiko yao, na insha nyingi zilibaki dhaifu. Lakini msichana mmoja aliandika kwamba fundi alilizamisha tyubu katika beseni la maji, akaligeuza taratibu, akingoja. Na mapovu yalipotokea alitabasamu kama mtu aliyemwona mbuzi wake aliyepotea. Hatukumbuki kwamba sisi wenyewe tuliliona tabasamu hilo, nasi tulikuwapo.

Mwanachuo alitaka kumpa alama chache kwa sababu hakutaja faida za kazi hiyo. Tulibishana naye kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa, na sababu yake tutaieleza.

Kabla ya hapo tukumbuke kwamba mawazo haya si ya Waingereza peke yao. Katika miaka ile ile, mwanzoni mwa karne ya 19, inasadikiwa kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiyatazama magofu ya Pate. Anauonya moyo wake kwamba dunia yote yapita. Shabaha yake ni ya dini, tofauti na ya Keats, wala hatutaki kuwafanya mapacha. Lakini ili kuthibitisha kwamba majumba yale yametoweka, ilimpasa azitaje taa zake, vidaka vyake vya vyombo vya kigeni, na ndege walioweka makao humo. Na leo anayetaka kuyaona majumba hayo yalivyokuwa huenda kwenye utenzi huo. Shelley naye, katika shairi lake la mishororo 14 juu ya sanamu ya Ozymandias, lililochapishwa Januari 1818, anaonyesha kwamba majivuno ya mfalme yameliwa na mchanga, ila jicho la mchongaji aliyeusoma uso wake bado linasomeka. Hayo yanatosha.

Sababu ya kubishana kwetu ni hii. Baba yetu mzazi alikuwa seremala. Alifariki tulipokuwa kidato cha tatu. Tunayo picha yake moja ya studio, amevaa koti la kuazima, amekaza macho kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Hakuwa mtu wa namna hiyo hata kidogo. Mama aliuza karanga za kukaanga, na karatasi za kufungia alizipata katika madaftari yetu ya shule yaliyokwisha. Kila jioni tuliketi naye tukachana kurasa na kuzikunja ziwe koni. Hesabu, siasa, sayansi kimu, vyote vilikwenda na karanga, na hatukuona hasara yoyote.

Mama alipofariki miaka mitatu iliyopita, sisi na dada zetu tulikusanyika kugawana vitu. Katika sanduku la vifaa vya baba, chini ya patasi na msumeno wenye kutu, tulikuta daftari la insha la darasa la tano, limechanwa nusu. Hatujui nani aliliweka humo. Ndani yake mlikuwa na insha yenye kichwa "Kazi za Mikono". Hatukutaja faida za kazi za mikono. Tulikuwa tumeandika kwamba baba anapiga randa mlango wa mninga, na kwamba maranda yanajikunja yakianguka miguuni pake, na kwamba kila baada ya mapito machache anasimama, anafumba jicho moja, anautazama ubao kwa urefu wake, kisha anaupuliza vumbi na kuupapasa kwa kiganja kama anayempapasa ng'ombe. Mwalimu wetu wa wakati ule, ambaye alikuwa mtu wa haki na hatumlaumu, alitupa alama 11 kati ya 20. Kwa wino mwekundu aliandika pembeni: "Umetoka nje ya mada."

Tulikuwa tumelisahau kabisa lile jicho moja lililofumbwa. Tulipolisoma, tuliketi chini juu ya sanduku.

Insha haikamiliki. Ukurasa wa pili haupo. Sentensi ya mwisho inamwacha baba ameinua randa, na hapo karatasi imekwisha. Sehemu iliyobaki ilikwisha kufungia karanga za mtu fulani, miaka mingi iliyopita, na labda kwa mkono wetu wenyewe.

Baada ya muda, tukiwa tumelifikiri sana swali la kijana wa safu ya nyuma, tulilipeleka daftari lile darasani. Hatukusema ni la nani. Tuliusoma ukurasa ule kwa sauti, mpaka pale karatasi inapokatika, kisha tukausoma tena ubeti wa nne wa Keats, tukanyamaza. Hakuna aliyenakili kitu. Kijana yule aliomba kuliona daftari. Likapita mkono kwa mkono hadi safu ya nyuma, akalisoma peke yake huku midomo ikicheza, akaligeuza kutazama mahali lilipochanwa.

"Mwalimu," akauliza, "huo mlango ulikuwa wa nyumba ya nani?"

Tulimwambia kwamba hatujui, na kwamba aliyeweza kutuambia hayupo tena.